Injini Juu ya Kitenge cha Mama Maria

Beni, Boikene, tarehe 11 Septemba 2023

Baba Solange,

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia unasema "allo, allo, réseau haiko", kisha unakata, na kabla hujakata nasikia nyundo ikigonga chuma. Karatasi hii huwezi kuikata. Zacharie atakuletea kwa pikipiki yake, na nimemwambia asitoke kwako mpaka umempa jibu.

Kwanza habari njema. Solange amejifungua salama. Mtoto ni wa kike, ana afya, na sauti yake inaamsha mtaa mzima. Wamempa jina la Elikia, yaani tumaini, kwa lugha ya kwao baba yake. Mimi ningemwita Masika, kama tunavyomwita binti wa kwanza, lakini hakuna aliyeniuliza.

Sasa habari mbaya, ambayo ni wewe. Jirani yetu Kavugho ameniambia umeingiza injini ya camionnette, kile kigari chako cha mizigo, ndani ya salon, pale tunapopokea wageni. Si uani, si kwenye kibanda cha mbuzi. Salon. Viti umevipandisha kimoja juu ya kingine, meza yangu iko nje inanyeshewa, na vyuma umevitandaza chini kutoka mlangoni mpaka chini ya picha ya ndoa yetu. Gari hilo limekaa juu ya mawe miaka nenda rudi, kuku wanataga ndani yake, na wewe unapita tu. Nimegeuza kisogo, nimekuja kumkanda mwanangu kwa maji ya moto kama mama yeyote, ndipo ukakumbuka ufundi.

Ujue hali yangu hapa. Mkwe wako Aristote amehamishwa. Serikali inampeleka Kisangani, na mwisho wa Oktoba wote watatu watapanda ndege pale Mavivi. Nyumba hii itarudi kwa mwenyewe, na mimi sitakuwa na pa kulala Beni. Tena, Aristote ni kijana mzuri, lakini kwao hawajui aibu ya mkwe. Nikisikia sauti yake mlangoni nakimbilia jikoni kama inavyopasa, naye ananifuata huko huko na kiti chake mkononi, ananiita mkwe kwa lugha yao: "Bokilo, juu ya nini unakulaka peke yako?" Nimechoka kula nimegeukia ukuta.

Donc lazima nirudi, na nikirudi nataka nikute nyumba, si garage. Oktoba ni zamu yetu kupokea sala ya shirika, jumuiya yetu ya kanisa hapo mtaani. Watu watakaa wapi, juu ya pistoni? Toa vyuma hivyo. Kabla havijatoka, mimi sirudi.

Safari ya kuja ilikuwa safari tu.

Mke wako,
Katungu Emérence


Butembo, tarehe 14 Septemba 2023

Mama Solange,

Zacharie amekaa hapa, amekunja mikono, ananitazama. Donc najibu.

Nimefurahi kwa ajili ya mtoto. Mwambie Solange kwamba baba yake amefurahi. Elikia ni jina zuri, halina tatizo.

Kuhusu injini. Uani ni mvua kila mchana, Butembo unaijua. Kibanda cha mbuzi kina mbuzi. Injini ikishafunguliwa haitaki maji, haitaki vumbi, haitaki kuku. Inataka sakafu ya saruji na mlango unaofungwa, na sakafu ya saruji tunayo moja tu. Kupeleka kwa vijana wa garage sitaki. Nilibeba kahawa ya watu katika milima hii tangu kabla hatujaoana, na kila mara gari lilipokufa nililifufua mwenyewe.

Wala usidhani nimetawanya vitu ovyo. Pistoni ya kwanza imelala mahali pake. Chini yake ziko soupape zake, vile vyenye kichwa kama uyoga. Pembeni ziko coussinet zake, vile vibati laini vinavyoshika mhimili. Ya pili vivyo hivyo, mpaka ya nne. Kila chuma kimeshazoea tundu lake kama mguu unavyozoea kiatu. Ukikihamishia kwa mwenzake, injini italia na kunywa mafuta mpaka ife tena. Ndiyo maana nimetandika kitambaa chenye picha zinazofuatana, na kila pistoni ina picha yake. Hata nikifumba macho najua nini kiko wapi.

Wewe njoo. Magari yanatoka Beni kila asubuhi. Panda moja, sinzia, amka uko nyumbani. Vyuma vitatoka vikimaliza kazi yao. Usiniletee vita kwa sababu ya viti.

Kitsa Zorobabel


Beni, tarehe 17 Septemba 2023

Kitsa,

Kitambaa gani?

Ndani ya nyumba ile kitambaa chenye picha zinazofuatana ni kimoja tu, nacho ni kitenge changu cha Mamans Catholiques, cha Mama Maria, nilichovaa siku Askofu alipokuja na ambacho sijakivaa tena nisije nikakichakaza. Kilikuwa ndani ya sanduku, chini kabisa, kimefungwa kwenye mfuko. Ulipitia nguo zangu zote mpaka ukakifikia. Umemlaza Mama wa Mungu sakafuni na kumwekea pistoni usoni, kisha unaniandikia kwa fahari kwamba hata ukifumba macho unajua nini kiko wapi.

Sina la kuongeza. Nikiongeza nitaungama Jumamosi.

Usiniambie tena kuhusu magari ya asubuhi. Sipandi gari. Nimesema salon kwanza, na sitaki kuulizwa mara mbili.

Kavugho atapita kukuona, maana mwanamume aliyeachwa peke yake anahitaji kutazamwa.

Katungu


Butembo, tarehe 2 Oktoba 2023

Mama Solange,

Leo sihitaji Zacharie anikazie macho. Kalamu naishika mwenyewe.

Jumamosi nilibeba kifuniko cha injini mpaka mjini kwa tourneur, fundi wa kuchonga vyuma, akinyooshe. Nilifunga mlango kwa ufunguo. Niliporudi nilisikia nyimbo kutoka nyumbani kwangu. Mlango uko wazi, salon imejaa wanawake wa shirika, wamejifunga vitambaa kichwani, wanafagia. Kitenge chako kiko kwenye kamba, kimefuliwa, kinapepea. Viti vimepangwa duara. Na vyuma vyangu, Mama Solange, vyuma vyangu vyote viko ndani ya vikapu vyako vya sokoni, vimeoshwa kwa sabuni na kusuguliwa kwa majivu na mchanga, kama wanavyosugua sufuria. Vinameremeta. Kavugho ndiye aliyekuwa mbele, ananipokea kama mtu anayetoa zawadi.

"Kitsa, batu bakuya kusali fasi hii, na weye uko naweka mafuta ya moteur kwa uso ya Mama Maria? Tumekusaidia. Angalia vile inangaa."

Nikamwambia: "Mumechanganya yote."

"Hatukuchanganya, tulipanga. Bikubwa na bikubwa, bidogo na bidogo."

Nilikaa kwenye kiti kimoja cha lile duara. Walidhani nimeguswa na wema wao, wakaanza wimbo mwingine.

Sasa sikiliza hesabu ya wema. Soupape zote ziko ndani ya kikapu kimoja, hakuna hata moja yenye alama ya masizi ya kunionyesha ilitoka wapi, maana masizi yamesuguliwa. Lazima nisage kila moja upya mpaka ikubali tundu. Coussinet ndizo zimekufa kabisa. Ni laini, na mchanga umezichora kama ukucha. Mpya ziko Kasindi, zikipatikana.

Nilikuwa nimekaribia kufunga. Leo niko nyuma kuliko nilipoanza.

Nauliza jambo moja tu. Nani aliwafungulia? Ufunguo ninao mimi. Mwingine uliondoka nao wewe.

Kitsa


Beni, tarehe 5 Oktoba 2023

Baba Solange,

Pole. Nasema pole kwa moyo, hata kama kwenye karatasi haionekani.

Wanawake wale usiwakasirikie. Mtu akiona uchafu anasafisha, hawakusoma shule ya injini. Na kuhusu ufunguo, funguo zinafanana, na mlango wetu ni mzee. Tuyaache.

Nataka kujua kitu kingine. Hizo coussinet zitachukua muda gani? Nauliza kwa sababu Aristote amepewa tarehe. Watapanda ndege tarehe 24 mwezi huu. Wameshaanza kufunga masanduku, na mwenye nyumba alipita jana kupima madirisha.

Kama hutakuwa umemaliza, nitakwenda kukaa na binamu yangu kule Mangina kwa muda. Nitatembea polepole, mizigo itabebwa na watu. Usinijibu kwamba ni mbali. Najua ni mbali.

Katungu


Beni, tarehe 6 Oktoba 2023

Papa,

Mama hajui kwamba naandika. Nimempa Zacharie barua hii chini ya ile ya mama, na yeye ameahidi kukupa ukiwa peke yako.

Papa, salon ni kisingizio. Ninyi wawili mnapigana kuhusu viti na kitenge, na mimi hapa naona kitu kingine, nimechoka kunyamaza.

Siku mama alipokuja alipanda gari la abiria, akakaa mbele, kikapu mapajani. Walipofika Kabasha wakasikia risasi upande wa juu. Dereva alizima gari, akachomoa ufunguo, akafungua mlango wake, akakimbilia porini. Wale wa nyuma waliruka. Mlango wa mama haukuwa na mkono wa kufungulia kwa ndani, unafunguliwa na mtu wa nje tu, na kwa upande wa dereva hakuweza kupita kwa sababu ya ule mguu wake mbovu. Alibaki peke yake ndani ya gari katikati ya barabara. Hakuna aliyerudi kumfungulia, Papa. Alikaa humo mpaka kukatulia. Dereva akarudi akikung'uta suruali, akamkuta mama anamtazama, akamwambia: "Mama, munaniangalia nini? Kila mutu anakimbizaka roho yake." Akawasha gari, akaendelea na safari na muziki.

Alipofika alinikanda, alipika, alicheka na mtoto. Haya yote aliniambia baadaye, kwa vipande, akiwa anachambua maharagwe, na akaniapisha nisikuambie. Anasema ukijua utamwona mwoga, naye amekuwa akikuita mwoga miaka yote kwa sababu unamkimbia daktari wa meno.

Hapandi gari lolote. Sokoni anakwenda kwa mguu na ule mguu unavimba. Juzi Aristote alimwitia pikipiki ya Zacharie, ambaye mama anamjua tangu akiwa mtoto. Alipanda, akashuka, akasema amesahau kitu ndani, akaingia na hakutoka. Mangina hatafika, Papa. Anasema tu.

Mimi naondoka tarehe 24. Siwezi kumpandisha ndege kwa nguvu na siwezi kumwacha barazani. Nakuomba usimwambie kwamba unajua. Lakini fanya kitu, badala ya kuuliza nani alifungua mlango. Mlango alifungua Kavugho. Ufunguo alipelekewa na mama, na mama ndiye aliyemtuma. Unajua sasa. Tuendelee mbele.

Binti yako,
Solange


Butembo, tarehe 19 Oktoba 2023

Mama Solange,

Usiende Mangina. Usipande gari la mtu yeyote, hata akikuambia ni la paroko. Nakuja mwenyewe Jumamosi.

Coussinet zimetoka Kasindi. Za kwanza hazikuwa za injini hii, nikazirudisha, nikasema maneno ambayo nimeshaungama. Za pili zimekubali. Soupape nimezisaga zote upya, moja moja, kila moja kwenye tundu lake jipya. Kavugho amekuwa akiniletea sahani ya sombe na kusimama mlangoni bila kuingia. Jana alisema, "Kitsa, tulikuya juu ya wema." Nikamwambia najua, tena najua wema ulitoka Beni. Akaacha sahani akaenda. Kwa hiyo hilo nalo tulimalize. Nilimlaza Mama Maria wako sakafuni, ukanilaza na mimi. Tuko sawa.

Jumatano, ikiwa imesharudi ndani ya gari, injini iliwaka. Ilikohoa kwanza, ikatoa moshi mpaka watu wa shirika wakaja na ndoo, kisha ikatulia, ikaanza kuongea vizuri. Nililala kidogo kwenye kiti. Salon ni tupu. Sakafu ina doa moja ambalo halitoki, usinipigie kelele kwa ajili yake, nimejaribu hata majivu.

Mambo mawili ya kujua. Injini iliyofungwa upya inataka rodage, yaani inaendeshwa polepole mpaka vyuma vizoeane. Tutakuja polepole sana. Usinisukume.

La pili, utakaa mbele. Mlango wa mbele nimeuwekea mkono mpya kwa ndani. Unafunguka vizuri. Nimekaa upande huo na kuujaribu mara nyingi.

Kitsa


Butembo, tarehe 2 Novemba 2023

Mwanangu Solange,

Barua hii inabebwa na mwalimu mmoja anayehamia kwenu Kisangani. Kwa simu siwezi kusema haya, baba yako yuko karibu kila saa, na masikio anayo siku hizi.

Mbusu Elikia. Mwambie Aristote kwamba kiti chake jikoni nakikosa kidogo. Kidogo tu, asizoee.

Sasa nikueleze safari, maana mlituona tukiondoka na mkacheka. Nilipopanda nilishika mkono wa mlango tangu Boikene. Baba yako aliona. Alikuwa ameinama juu ya usukani kama mtu anayesikiliza mgonjwa kifuani. Tulikwenda, Solange, kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Magari yote yalitupita. Pikipiki zilitupita zikiwa na magodoro, baiskeli ya mkaa ilitupita kwenye mteremko. Barabara ile kila mtu anaikimbia, sisi tunaitembea. Kijana mmoja alitoa kichwa kwenye basi akapiga kelele, "Papa, uko nabeba maiti?" Baba yako akajibu kwa utulivu, "Ni rodage." Nilimwambia aongeze kidogo tu. Akasema vyuma havijazoeana. Nikamwambia mimi na wewe tulioana lini na bado hatujazoeana, kanyaga. Hakukanyaga. Nilikasirika mpaka nikasahau kuogopa, kisha nikaona kibao cha Kabasha, na hasira yote ikaniishia.

Pale kwenye mlima lori moja lilikuwa mbele yetu. Tukasikia mlio mkubwa. Baadaye tulijua ni tairi la lile lori limepasuka, lakini wakati ule hakuna aliyejua. Watu waliruka kutoka juu ya magunia, wakaingia porini. Dereva wa nyuma yetu naye akatoka mbio. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mlango na vidole havisikii. Ulikuwa mzima, mwanangu, ungefunguka, ni mimi sikuweza.

Baba yako alizima injini. Akachomoa ufunguo. Nikajua kinachofuata. Akanyoosha mkono, akatoa vidole vyangu mlangoni kimoja kimoja, akaniwekea ufunguo kwenye kiganja na kukifunga.

"Mutu wa kukimbia anakimbiaka na lufunguo," akasema. "Kamata."

Kisha akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati lake, na tukakaa. Barabara nzima ilikuwa na magari yenye milango wazi, sisi tu tumekaa ndani ya camionnette kama watu walioalikwa. Nililia. Sikulia siku ile ya kwanza, nikalia siku ya tairi. Yeye aliendelea kufuta miwani, ingawa ilikuwa safi zamani.

Nilipoweza kusema nilimuuliza nani alimwambia. Akasema hakuna aliyemwambia kitu. Solange, nilikuapisha juu ya maharagwe. Nina neno na wewe, na tutaliongea tutakapoonana. Sijui kama litakuwa neno la kukugombeza.

Watu walirudi, wakacheka, wakasaidiana kubadilisha tairi. Baba yako akaniomba ufunguo. Sikumpa mara moja. Nilipompa, injini ilikataa kuwaka, ikabidi vijana wa lori watusukume, na yeye aliwaambia bila haya kwamba kama wanawake wa shirika wasingeosha soupape zake kwa mchanga, ingewaka. Kwa hiyo jambo hilo halijaisha kama alivyoandika. Litaisha tukizikwa.

Nyumba ni nzima. Doa lipo, kubwa kuliko alivyosema, limekaa katikati ya salon. Shirika lilipokuja kusali nilitandika kitenge changu juu yake, kwa sababu hakuna kitu kingine kilichotosha. Kavugho alitazama kitenge, akanitazama mimi, akaanzisha rozari.

Tulipofika nyumbani niliuchomoa ufunguo mwenyewe. Tangu siku hiyo unakaa kwangu, nimeufunga kwenye pembe ya nguo yangu. Kila anapotaka kwenda kununua mafuta au kuonyesha watu injini yake, anakuja kuniomba. Angeweza kuchonga mwingine, mjini wanachonga kila kona. Hajachonga.

Sasa hivi amesimama mlangoni, amevaa kofia, anaomba ufunguo. Nimemwambia angoje nimalize barua. Anangoja.

Mama yako,
Katungu Emérence